Dari Isianguke: Kuchagua Mbao za Kushikilia Jipsamu na Kuta
Mazungumzo kwa wenye nyumba na mafundi wa Kericho na Bomet



Bonasi ya chai ikishaingia Oktoba, pikapu zilizopakia mbao huanza kuonekana kwenye barabara za Litein, Kapkatet, Mogogosiek na Silibwet. Mwenye nyumba aliyelala miaka mitatu akisikiliza mvua ikipiga mabati huamua kwamba mwaka huu dari itawekwa. Hutenga pesa za bodi za jipsamu, za rangi, za taa na za fundi. Zikisalia, hununua zile mbao ndogo zinazopigiliwa chini ya paa ili bodi zipate pa kushikwa, zile ambazo mafundi huziita brandaringi. Kwa kuwa hakuna mgeni atakayeziona, hununuliwa mwisho, kwa haraka, na kwa bei ya chini kuliko vitu vyote vya kazi hiyo.

Mazungumzo ya leo ni ya mbao hizo zisizoonekana, pamoja na ndugu zake zinazoshikilia mbao na mabati ya ukutani.

Chukua mfano wa mama mmoja mkulima wa chai. Kisa chake kinafanana na cha nyumba nyingi za huku, kwa hiyo asitafutwe. Sebule yake ni futi 12 kwa futi 12. Dari iliwekwa Novemba, ikapakwa rangi nyeupe, majirani wakaja kuitazama. Kufikia Februari vijivimbe vidogo vilikuwa vimejitokeza kwa mistari iliyonyooka, kila kimoja mahali penye kichwa cha skurubu. Kufikia Aprili maungio yalikuwa na nyufa, na katikati ya chumba dari ilikuwa imelegea kama godoro kuukuu. Usiku mmoja wa mvua kubwa bodi ya upande wa mlangoni iliachia, ikaangukia kiti ambacho watoto hukalia wakifanya kazi ya shule. Kwa bahati walikuwa wameshalala. Fundi alipoitwa alisema jipsamu ilikuwa mbovu. Mwenye duka akasema fundi hajui kazi. Walibishana wakiwa wamesimama sakafuni, na hakuna aliyepanda ngazi.

Ambaye angepanda na tochi angeyaona yote. Mbao zilikuwa 2x1, zimelazwa bapa. Trasi, zile fremu za pembetatu zinazobeba paa, zilikuwa zimeachana futi 5. Mbao zilinunuliwa Jumatatu zikapigiliwa Jumatano, zingali nzito kwa maji. Na ncha za bodi mbili hazikukaa juu ya mbao yoyote. Zilikuwa zikining'inia hewani, zimeshikwa na ile poda ya kuzibia maungio tu.

Kosa hilo la ncha ndilo linaloshangaza zaidi, maana fundi alikuwa amepima, na alipima kwa makini. Alipima kwa futi.

Bodi nyingi za jipsamu zinazouzwa madukani hutengenezwa kwa vipimo vya mita, yaani milimita 1,200 kwa 2,400. Watu huziita bodi za futi 4 kwa 8, na ni karibu hivyo, lakini futi 8 kamili ni milimita 2,438. Tofauti ni milimita 38. Fundi aliweka alama kila futi 2 kuanzia ukutani, akapigilia mbao nne baada ya ile ya kwanza, akitarajia bodi iishie katikati ya mbao ya tano. Mbao yenye upana wa milimita 50 ina milimita 25 tu kutoka katikati hadi ukingoni. Bodi iliishia milimita 38 kabla ya katikati ya mbao, kwa hiyo haikuigusa hata kidogo. Akaivuta bodi ya pili ikutane na ya kwanza, akaziba, akapaka rangi, na kutoka chini hakuna aliyejua.

Kwa hiyo tepu ya kupimia ianze kwenye bodi yenyewe, moja ikiwa imeshanunuliwa au hata ikiwa ingali dukani. Kuna bodi za milimita 1,220 kwa 2,440, hasa za plaiwudi, na hizo hukubaliana na futi. Ikiwa bodi ni ya milimita 2,400, mbao zipangwe kwa milimita 400 au 600 kutoka katikati ya mbao moja hadi katikati ya nyingine. Ikiwa ni ya 2,440, inchi 16 au inchi 24 zitafaa. Vipimo hivyo havikuchaguliwa ovyo. Vinaigawa bodi sawasawa bila kubakisha kitu, mara sita au mara nne. Fundi anayeweka mbao kila inchi 18 au kila inchi 20, kwa sababu mkono wake umezoea, ataishia hewani kila bodi inapokoma.

Kati ya 400 na 600, kinachoamua ni unene wa bodi. Bodi ya milimita 9 ndiyo inayotumika sana kwa dari huku, na kwayo mbao ziwe kila milimita 400. Bodi ya milimita 12 ni ngumu zaidi na inaweza kuvumilia 600. Mwenye nyumba asidanganyike kwamba bodi nyembamba inapunguza gharama zote. Kwa sebule ya futi 12 kwa 12, nafasi ya futi 2 inahitaji mistari 7 ya mbao, ambayo ni futi 84. Nafasi ya inchi 16 inahitaji mistari 10, futi 120. Zaidi ya hapo kuna vipande vya kukingama vinavyoshikilia kingo ndefu za bodi, pamoja na vile vya kando ya kuta, takriban futi 48 katika hali zote mbili. Hivyo vipande vya kukingama ndivyo fundi mwenye haraka huviruka kwanza, na ndiyo sababu nyufa nyingi hufuata urefu wa bodi.

Sasa upana wa mbao. Mahali bodi mbili zinapokutana, zinagawana mbao moja. Skurubu inatakiwa iwe angalau milimita 10 kutoka ukingo wa bodi uliofunikwa karatasi, na milimita 13 au zaidi kutoka ukingo uliokatwa kwa kisu, la sivyo jipsamu humeguka. Mbao ya upana wa milimita 50 inampa kila mmoja milimita 25, na skurubu inakaa katikati ya sehemu yake kwa starehe. Mbao ya milimita 25 inampa kila mmoja milimita 12 na nusu. Hapo skurubu inaingia milimita mbili au tatu tu kutoka ukingo wa mbao, na mbao inapasuka. Mbao ya chini ya milimita 38 kwa uso unaogusa bodi isiwekwe kabisa kwenye maungio.

Na hapa mwenye nyumba atoe tepu yake kwenye yadi ya mbao bila aibu. Ile inayoitwa 2x2 ni jina. Msumeno hula sehemu yake, mpasuaji naye hubana ili gogo litoe mbao nyingi, na si ajabu kukuta 2x2 yenye milimita 45, au 40 upande mmoja na 47 upande wa pili. Milimita 45 zinatosha. Mbao inayobadilika unene kutoka ncha hadi ncha haitoshi hata ikiwa nene, kwa sababu dari hufuata uso wa mbao, na jicho la mgeni hugundua wimbi haraka kuliko linavyogundua rangi mbaya. Achague moja moja, atazame kila moja kwa urefu wake kama anayelenga bunduki, na aache zilizopinda na zenye vifundo vikubwa katikati.

Kina cha mbao, yaani urefu wake kutoka juu kwenda chini, kina kazi tofauti na upana. Kazi yake ni kutolegea kati ya trasi moja na nyingine, na hapa hesabu ni kali kuliko watu wanavyodhani. Ukipunguza kina kwa nusu, uwezo wa mbao wa kustahimili kupinda hauwi nusu. Unashuka hadi sehemu moja ya nane. Mbao 2x1 iliyolazwa bapa ina moja ya nane ya ukakamavu wa 2x2. Upande wa pili, 3x2 iliyosimamishwa, inchi 3 zikielekea juu, ni kakamavu zaidi ya mara tatu kuliko 2x2, na bado inabakiza uso wa inchi 2 kwa bodi. Ile ile 3x2 ikilazwa inazidi 2x2 kwa nusu tu. Mbao ni moja na bei ni moja, ila imegeuzwa.

Uzito unaobebwa si mdogo. Bodi moja ya jipsamu ya milimita 9 ina takriban kilo 18 hadi 20, na ya milimita 12 karibu kilo 25. Sebule ya huyu mama hutumia bodi nne na nusu. Kwa bodi nene, dari yake ina uzito wa watu wazima wawili wanaoning'inia juu ya viti usiku na mchana, bila mapumziko. Mbao iliyobebeshwa mzigo usioondoka huendelea kulegea polepole kwa miezi, hasa ikiwa mbichi.

Kwa trasi zilizoachana hadi karibu futi 4, 2x2 nzuri iliyokauka inafaa. Zikipita hapo, na nyumba nyingi za huku zina trasi za futi 5 au 6 kwa kuwa mabati ni mepesi, fundi ana njia mbili. Anaweza kutumia 3x2 iliyosimamishwa, au kushusha vipande vya kuning'iniza kutoka kwenye mbao za paa ili kugawa ule urefu katikati. Njia ya pili hutumia masalio ya mbao na jioni moja ya kazi.

Skurubu ni jambo fupi. Iingie kwenye mbao angalau milimita 25 kwa dari. Kwa bodi ya milimita 9 skurubu ya 35 inatosha, kwa bodi ya 12 iwe 38 au 40, na ziachane inchi 6 hadi 8. Msumari usitumike juu ya kichwa cha mtu. Hutoka polepole njia ile ile ulioingilia, na kila pigo la nyundo hutikisa bodi ya jirani.

Lakini mbao yenye kipimo sahihi, nafasi sahihi na skurubu sahihi bado itaharibu dari ikiwa imepigiliwa mbichi. Vile vijivimbe vya Februari vilitokana na hilo.

Mti uliotoka kukatwa hubeba maji mengi. Msonobari mbichi unaweza kuwa na maji yenye uzito sawa na wa mbao yenyewe ikikauka. Maji hayo yakitoka, mbao husinyaa. Mbao ya saipresi ya milimita 50 hupoteza milimita moja au mbili, na mkaratusi hupoteza zaidi, tena hujisokota. Milimita moja yaonekana si kitu. Lakini ncha ya skurubu imeng'ang'ania ndani ya mbao, na mbao iliyo kati ya ncha hiyo na bodi inaponywea, uso wa mbao hurudi nyuma na kuacha bodi. Bodi ikisukumwa au ikilegea kidogo kufunga pengo, kichwa cha skurubu hubaki mbele na kusukuma rangi. Kwa mbao mbichi, skurubu ndefu zaidi huongeza ubaya huo, maana kuna mbao nyingi zaidi ya kusinyaa nyuma yake. Kuna mafundi wanaodhani wanaponya kwa kuongeza urefu wa skurubu, kumbe wanaongeza ugonjwa.

Kericho hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na miaka mingine zaidi. Ni neema kwa majani ya chai, lakini mbao iliyorundikwa nje ya yadi chini ya mvua hiyo haikauki, hata ikikaa miezi mitatu. Pia mbao za siku hizi hazifanani na zile za zamani. Serikali iliposimamisha ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018, yadi nyingi zilitegemea miti ya mashambani: saipresi, grevilia, mikaratusi ya kando ya majani chai. Rais alitangaza kuondolewa kwa marufuku hayo Julai 2023, lakini biashara ya mti wa shambani imebaki. Mti wa shambani mara nyingi hukatwa ukiwa mdogo kwa sababu ada ya shule imefika, hupasuliwa siku hiyo hiyo kwa msumeno wa mkononi, na hufika barabarani ungali unatoa maji. Mkulima hana kosa. Mnunuzi ndiye anayepaswa kujua anachonunua.

Kipimo cha unyevu si lazima kiwe mashine. Akate kipande cha inchi 6 kutoka katikati ya mbao, si nchani, maana ncha hukauka mapema na hudanganya. Akipime kwa mizani ndogo ya jikoni. Tuseme kina gramu 225. Akikaushe ndani ya oveni, au juu ya jiko lenye joto la pole bila kukiunguza, akipime tena kila baada ya muda, hadi uzito uache kushuka. Kikiishia gramu 180, maji yaliyotoka ni gramu 45, na 45 kwa 180 ni asilimia 25. Mbao hiyo ni mbichi kwa jipsamu. Inayofaa iwe chini ya asilimia 18, na nzuri zaidi ni karibu 15. Kipande kile kile kingekuwa na gramu 207 badala ya 225. Mkono wa mtu hauwezi kuhisi tofauti hiyo, kwa hiyo mizani ndogo ya kukopa kwa jirani anayeoka keki inalipa.

Kukausha nyumbani hakuhitaji ujuzi mkubwa. Mbao zipangwe juu ya matofali au mawe, futi 1 hivi kutoka ardhini, chini ya paa lenye kupitisha upepo. Hata kibanda cha ng'ombe kisichotumika kinafaa. Kati ya safu na safu viwekwe vijiti vya unene wa inchi 1, kila futi 2, na vijiti vya safu ya juu vikae sawasawa juu ya vile vya chini, la sivyo mbao hujipinda kufuata mpangilio mbaya. Juu kabisa ziwekwe mawe mazito. Zisianikwe juani. Jua kali hukausha ngozi ya nje na kuipasua huku ndani kungali maji. Kila wiki mbili mbao moja iliyotiwa alama ipimwe uzito. Ikitoa majibu sawa mara mbili mfululizo, imefika pale hali ya hewa ya mahali hapo inapoweza kuifikisha. Mwenye yadi au kikundi cha mafundi kinachotaka kujifunza zaidi kina pa kuulizia ndani ya kaunti yenyewe, maana Chuo cha Misitu cha Kenya kiko Londiani, na taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, ina kituo huko huko.

Jambo moja la kuachwa kabisa ni kupaka mbao za dari oili chafu ya gari kwa sababu ya mchwa. Oili hupenya karatasi ya jipsamu na kutoa madoa ya kahawia ambayo rangi haiyafichi, hunuka, na hulisha moto. Mbao iliyotiwa dawa kiwandani, au iliyopakwa dawa ya mbao ya dukani na kuachwa ikauke, ni salama zaidi.

Ukutani hesabu hubadilika, na hapo mwenye nyumba anaweza hata kuokoa pesa.

Bodi ya jipsamu ikiwekwa ndani, juu ya ukuta wa mawe au matofali, mbao yake imeegemea ukuta kwa urefu wote. Haina pa kulegea, kwa hiyo 2x1 iliyolazwa inatosha, mradi uso wake wa inchi 2 ndio unaogusa bodi. Skurubu ya 35 ikipita bodi ya 12 itabaki na milimita 23 ndani ya mbao ya 25, na haitagonga jiwe. Kati ya mbao na ukuta uwekwe ukanda wa nailoni nzito, maana kuta za mawe huku hunyonya maji, na mbao inayogusa jiwe lenye unyevu huota ukungu kabla ya mwaka kwisha. Ukuta unaolowa kutoka nje usifunikwe kwa jipsamu hata kidogo. Utibiwe kwanza. Na jiko la kuni, lenye moshi na mvuke wa mahindi yanayochemka tangu asubuhi, si mahali pa jipsamu, juu wala ukutani. Mbao zilizounganishwa kwa ulimi na mfereji huvumilia zaidi.

Nje, mbao za 6x1 zinapofunika ukuta wa nyumba ya mbao, kinachoamua ukubwa ni msumari. Msumari unatakiwa uwe na urefu wa mara mbili na nusu ya unene wa mbao inayopigiliwa. Kwa mbao ya inchi 1 ni msumari wa inchi 2 na nusu, na inchi 1 na nusu yake inaingia nyuma. Mbao ya kushikilia yenye unene wa inchi 1 itatobolewa hadi nyuma. Kwa hiyo iwe 2x2, au ikiwa ni lazima 2x1 itumike, ipigiliwe palipo na nguzo ya ukuta na msumari mrefu zaidi ufike kwenye nguzo. Ziachane kila futi 2 kwa mbao ya inchi 1, na karibu zaidi kwa mbao nyembamba au mabanzi.

Mwelekeo una uzito kuliko watu wanavyofikiri. Mbao za kufunika zikilala, zile za kushikilia zisimame, na maji yaliyopenya huteremka kati yao hadi chini na kutoka. Zikisimama, za kushikilia hulala, na hapo kila moja inakuwa rafu ya kukusanya maji. Fundi mzoefu huchonga ukingo wa juu uteremke nje, au huweka kwanza vipande vyembamba vya kusimama nyuma yake ili hewa na maji vipite. Ukuta unaotazama upande wa mvua ya mchana, ile ya mawe inayochana majani chai, ndio unaooza kwanza, na ukibomolewa mara nyingi mbao za nje ni nzima, zilizooza ni zile za nyuma. Mwisho wa chini wa mbao ukomee angalau inchi 6 kutoka ardhini, kwa sababu matone huruka. Mbao zikilaliana, msumari upite moja tu kati ya mbili. Ukizishona zote pamoja, zitakaposinyaa mojawapo lazima ipasuke.

Mabati ya ukutani ni rahisi zaidi. Migongo yake ikisimama, mbao zilale, futi 2 hadi 3 kati yake. Msumari wa mabati wa inchi 2 na nusu ukipita kwenye mgongo wa bati hubaki na milimita 45 hivi. 2x2 humeza urefu huo wote. Mbao ya inchi 1 huacha ncha ikitokeza ndani ya chumba, mahali mtoto anapoegemea.

Kuhusu aina ya mti, saipresi na msonobari vinatosha kwa dari, vyepesi na havipasuki ovyo. Mkaratusi una nguvu, lakini hujisokota ukikauka, na ukishakauka hukataa skurubu bila kutobolewa kwanza kwa drili. Kwa nje saipresi hudumu kuliko msonobari usiotiwa dawa.

Turudi kwa yule mama. Kuweka dari upya kulimgharimu bodi mpya na fundi mara ya pili, ingawa tofauti ya bei kati ya 2x1 aliyonunua na 2x2 aliyoihitaji ingekuwa sehemu ndogo ya hapo. Fundi wake naye alikuwa ameomba 2x2 mwanzoni, akaambiwa na mwenye nyumba kwamba za bei hiyo zitatosha. Alinyamaza kwa sababu alihitaji kazi. Fundi akiona mbao haifai, aseme mbele ya shahidi, na aandike vipimo kwenye karatasi ya makubaliano: ukubwa wa mbao, nafasi kati yake, unene wa bodi, urefu wa skurubu. Mistari minne ingemaliza ule ubishi wa sakafuni.

Safari ya pili alifuata kalenda ya mkulima. Bonasi ilipoingia Oktoba alinunua mbao peke yake, 2x2 za saipresi alizopima moja moja, pamoja na 3x2 chache za upande ambao trasi zimeachana sana. Alizipanga kwenye kibanda zikae Novemba yote, kisha Desemba, Januari na sehemu ya Februari, miezi ambayo mvua hupungua na upepo hukauka. Bodi hakuzinunua wakati huo, maana jipsamu inayokaa miezi minne kwenye stoo yenye unyevu hupinda na karatasi yake huota madoa. Alinunua moja tu, akaipima: milimita 2,400. Mwishoni mwa Februari mbao zilipandishwa kwa nafasi ya milimita 400. Chumba cha futi 12 ni karibu milimita 3,658 na bodi moja na nusu ni 3,600, kwa hiyo fundi aligawa zile milimita 58 zilizobaki, nusu huku na nusu kule, na konisi ikafunika. Mbao za kando ya ukuta, kwa kuwa zilikuwa na upana wa inchi 2 kamili, zilifikia ukingo wa bodi. Za inchi 1 zisingeifikia.

Kabla ya kufunga bodi ya mwisho fundi alipanda na tochi. Nyuma ya mabati palikuwa na matone, ya baridi ya usiku, hata bila mvua. Aliacha matundu yenye wavu chini ya ncha za paa pande zote mbili ili hewa ipite, kisha akafunga.